Ahadi Aliyoisoma Gunadi

Siku Lilik aliponiomba niwe shahidi wake mahakamani, nilikuwa nikitwanga karanga za mchuzi, na sikusimamisha mkono.

“Bibi Yem, umenisikia?”

“Nimekusikia. Shahidi wa nini, umeiba?”

“Nataka kuachana na Gunadi.”

Hapo nikaweka mchi chini. Ilikuwa bado alfajiri, wateja wa pecel, wali wangu wa mboga na mchuzi wa karanga, hawajaanza kufika, na Lilik alikuwa amevaa sare yake ya kiwanda cha sigara za karafuu, tayari kwenda kusokota. Kila asubuhi alikuwa akimwacha bintiye Kirana hapo kwangu ale, kisha mtoto anavuka barabara kwenda shule. Miaka minne tulikuwa tunafanya hivyo. Miaka minne na miezi miwili, maana mimi nilimwona Gunadi siku anaondoka. Alikuja kula kwangu, akaomba pilipili iongezwe, akasema anakwenda Kalimantan, kisiwa cha ng’ambo, kwenye mashamba ya michikichi, mwaka mmoja tu, anarudi kujenga.

Miezi mitano ya kwanza alituma matumizi. Wa sita akasema mvua. Wa saba akasema mguu. Baada ya hapo hakutuma kitu, na simu zikawa adimu.

“Umefikiri?” nikamuuliza.

“Nimefikiri nikisokota sigara ngapi, Bibi? Elfu tatu kwa siku. Kichwa hakina kazi nyingine pale.”

Akaniambia yalivyoanza. Kiwandani wanakaa meza moja wanawake wanane, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Mmoja wao alikuwa ameachika mwaka uliotangulia kwa kwenda mahakamani mwenyewe. Akamwambia Lilik: chukua kile kijitabu chako cha ndoa, cha kijani, fungua kurasa za mwisho, soma. Lilik akaenda nyumbani akasoma. Mule ndani mna ahadi ambayo kila bwana harusi huku kwetu huisoma baada ya kufungishwa. Kwamba nikimwacha mke wangu miaka miwili mfululizo, au nisipomlisha miezi mitatu, au nikimuumiza mwili, au nikimtupa bila kumjali miezi sita, naye asiridhike, akashtaki mahakamani na mahakama ikamkubalia, akatoa rupia elfu kumi za fidia, basi talaka moja itakuwa imemwangukia. Na chini yake pana saini ya Gunadi.

“Miaka tisa kile kitabu kiko kabatini chini ya shuka,” Lilik akasema. “Sikuwahi kufungua nyuma. Nilidhani ni picha zetu tu.”

“Na kwa nini sasa?”

“Shamba la marehemu mama. Ofisi ya kijiji inataka saini ya mume ndipo waliandike kwa jina langu. Nimewaambia mume hayupo. Wakaniambia basi msubiri. Nikawauliza, nimsubiri mpaka nizikwe humo?” Akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri. “Nimechoka kuwa mke wa simu, Bibi. Tena simu yenyewe haipigwi.”

Nikamwambia nitakwenda. Akashukuru, lakini hakuondoka.

“Wanataka mashahidi wawili,” akasema. “Wa pili nataka awe Baba.”

Hapo nilicheka. Kisha nikamtazama usoni, nikaacha kucheka.

Baba yake ni Sarengat, modin wetu hapa Sumberjati. Yeye ndiye anayeandikisha watu ndoa, anayesoma dua kwenye karamu, anayewaosha na kuwazika wafu. Hakuna harusi hapa kijijini ambayo yeye hakukaa mbele. Mwanamke akigombana na mumewe, kwa Sarengat ndiko anakopelekwa, naye humkalisha barazani, humpa chai ya sukari nyingi, humwambia asubiri, mambo yatatulia. Wengi wametulia. Sijui kama mambo nayo yalitulia. Kumwambia mtu kama huyo asimame mbele ya hakimu aseme ndoa ya mwanawe imekufa, ni kama kumwambia seremala aje avunje kitanda alichokitengeneza, watu wanatazama.

Nilikwenda naye jioni ile baada ya sala ya alasiri. Sarengat alikuwa barazani anajipepea kwa kofia yake nyeusi. Mimi na yeye tumekua pamoja, tumechunga mbuzi pamoja, kwa hiyo mimi simwiti Mzee Modin kama wengine.

“Ngat,” nikamwambia, “mwanao ana neno.”

Lilik akalisema lote, kwa utaratibu, kama aliyekariri. Tayari alikuwa amekwenda mahakamani siku yake ya mapumziko. Kuna meza pale ya msaada wa sheria, kijana mmoja akamwandikia madai yake bure. Kesi imeshapewa namba. Siku ya kwanza Gunadi akiitwa asipotokea, siku ya pili watasikilizwa mashahidi.

Sarengat alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Hapana.”

“Baba…”

“Mimi ndiye ninayeozesha watu. Nikivunja kwangu, kesho nitamwambia nini binti wa watu anayekuja kulia hapa? Subiri. Anaweza kurudi.”

“Nimesubiri.”

“Subiri kidogo tena.”

“Kidogo kiasi gani, Baba? Niambie mwezi, nitahesabu.”

Sarengat akanigeukia mimi. “Yem, hayo ndiyo ya siku hizi. Zamani watu walivumilia.”

Mimi nikakereka, maana huo uongo nimeusikia sana, na kwa mtu yule sikuutarajia.

“Zamani ipi hiyo, Ngat? Ile yangu?” nikamwambia. “Niliolewa nina miaka kumi na mitano. Kabla ya mwaka wa pili kwisha, marehemu baba yako, ambaye ndiye alikuwa modin, alifika kwetu na baiskeli. Nilikuwa namenya mihogo. Akanipa karatasi, nikadhani ni ya kodi, sikujua kusoma. Akasema, ‘Mwanangu, umeachwa tangu Alhamisi.’ Siku ile ilikuwa Jumanne. Siku tano nimempikia mtu ambaye si mume wangu! Nani aliniuliza? Talaka zamani zilikuwa nyingi, wewe unajua, umeyaona madaftari ya baba yako. Ila hazikuwa zetu.”

Sarengat akaacha kujipepea.

“Sheria ikaja baadaye,” nikaendelea, “kwamba mwanamume haachi tena kwa mdomo, aende mbele ya hakimu, na mke naye ana njia ya kwenda kwa hakimu huyohuyo. Lakini sisi tungeendaje? Mahakama mbali, kusoma hatujui, na tukirudi nani atulishe? Hawa wanasoma, Ngat. Wana mshahara wao. Hawajapungukiwa uvumilivu hawa, ila wameonyeshwa mlango.”

“Hata hivyo,” akasema Sarengat, kwa sauti ya chini, “sitakwenda.”

Lilik akainuka, akachukua ufagio, akaanza kufagia uwanja. Hakulia. Alifagia mpaka kwenye mlango wa jirani.

Habari kijijini haikai. Wiki ile wateja wangu hawakuwa na mazungumzo mengine. Paidi, mwenye gari dogo la kubebea mizigo, alikaa kwenye benchi langu akatangaza huku anatafuna: “Wanawake wa sasa wakishika mshahara tu, hao mahakamani! Sisi waume tumegeuka kuku wa kienyeji, tunajitafutia.”

“Paidi,” nikamwambia, “Gunadi ana miaka minne hajaonekana. Huyo kuku gani, au bata bukini?”

Watu wakacheka. Paidi naye akacheka, lakini akang’ang’ania. “Si angemwambia tu arudi?”

“Amemwambia.”

“Basi angemwambia vizuri.”

“Vizuri ndiyo vipi, kwa kuimba?”

Kirana alikuwa kwenye kona anakula kipande chake cha tempe, soya ya kukaanga. Alikuwa na miaka minane, anasikia kila kitu. Akauliza, bila kutuangalia, “Bibi Yem, mahakamani wanafunga watu?” Nikamwambia pale mama anakwenda kuchukua karatasi tu. Akasema, “Haya,” akachukua mkoba wake. Tangu hapo nikamkataza Paidi kuongea habari ile mbele ya mtoto, na kwa haki niseme, alitii.

Siku ya kwanza ya kesi Gunadi hakutokea. Karatasi ya wito ilimfika hukohuko shambani, kwa mkono wa mtu wa mahakama ya huko, na alisaini kuipokea. Hakimu akaahirisha mpaka tarehe kumi na saba.

Jumapili kabla ya tarehe hiyo, nilikuwa kwa Sarengat nimempelekea Kirana ndizi za kukaanga. Lilik alikuwa anapiga pasi. Simu yake ikalia. Akaitazama, akaitazama tena.

“Ni yeye,” akasema.

Miezi kumi na moja tangu apige mara ya mwisho. Lilik akanitazama, nikamtuma Kirana nyuma kwenye bomba akaoshe mikono na asirudi mpaka nimwite. Ndipo Lilik akapokea, akaweka sauti ya nje, akailaza simu mezani kando ya glasi ya kahawa ya baba yake.

“Lik! Karatasi gani hii umeniletea huku? Msimamizi ameniita mbele ya watu, nimekuwa kichekesho kambi nzima!”

“Umeisoma?”

“Nimeisoma. Mimi sikuachi. Sikia vizuri, sikuachi.”

“Sijakuomba uniache,” Lilik akasema. “Nimemwomba hakimu.”

“Nani anakutia maneno hayo? Hao wa kiwandani?”

“Yako nyuma ya kitabu chetu. Wewe mwenyewe uliyasaini.”

Sauti ya Gunadi ikalainika. “Mpe Baba simu.”

“Anakusikia.”

“Shikamoo, Baba. Baba, mwambie binti yako. Wewe ni mtu wa dini, unajua mambo haya yanavyochukiza.”

Sarengat akasogeza kiti, uso umechangamka kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake. “Gunadi, mwanangu. Panda meli wiki hii urudi. Ukifika hapa, mimi mwenyewe nitakwenda na Lilik tuifute kesi. Nakuahidi.”

“Wiki hii siwezi, Baba.”

“Mwezi huu.”

“Kazi zimebana. Tuseme Idi. Labda ya mwakani.”

“Basi mletee mtoto matumizi. Hata kidogo, mwanamke aone.”

“Huku kugumu, Baba, hujui tu.”

Sarengat akaiinamia simu. “Lakini uliahidi, Gunadi. Ulisoma mbele ya watu wote. Mimi nilikushikia kipaza sauti.”

Gunadi akacheka. Hakuwa na ubaya katika kicheko kile, na naona ndiyo maana kiliuma. “Aah, Baba! Yale si maneno ya sherehe tu? Kila bwana harusi anasoma. Nani anayashika? Hata wewe mwenyewe ulikuwa unatuharakisha ili watu wale.”

Nilimwona Sarengat akivua kofia yake na kuiweka juu ya goti. Huyu ni mtu aliyefanya kazi moja miaka thelathini na mmoja. Kijana anayekaribia kuoa akipita na baiskeli njiani, Sarengat humsimamisha amsomeshe ile ahadi mpaka ulimi uzoee. Kuna vijana waliomkimbia kwa sababu hiyo.

“Gunadi,” akasema, na sauti haikupanda hata kidogo. “Siku yako ulikosea pale penye miezi mitatu. Ukaruka. Nikakurudisha mwanzo, ukasoma tena yote. Wali ulikuwa unapoa, mama mkwe wako, Mungu amrehemu, ananikonyeza. Sikukuharakisha.”

“Baba, mimi sikuwa na maana…”

“Ulisoma mara mbili.”

Sarengat akataka kukata simu, akabonyeza pasipo penyewe, sauti ya Gunadi ikazidi kutoka: “Baba? Haloo? Baba?” Akabonyeza tena, taa ya simu ikawaka. Lilik akaichukua akaizima.

Pasi ilikuwa imesahauliwa imewaka, nikaenda kuichomoa, na kutoka nyuma nikamsikia Kirana akiuliza kama mikono imetosha.

“Tarehe kumi na saba saa ngapi?” Sarengat akauliza.

“Saa tatu, Baba.”

“Nitakwenda.” Akavaa kofia. “Lakini sijafurahi.”

“Sijakuomba ufurahi,” Lilik akasema. Halafu akaingia ndani haraka, na safari hii nilimsikia akilia.

Paidi ndiye aliyetupeleka, kwa sababu ndiye mwenye gari. Njia nzima hakufungua mdomo ila kuuliza kama kiyoyozi kinatusumbua, na gari lile halijawahi kuwa na kiyoyozi.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimetayarisha moyo kuona aibu, nikakuta hakuna pa kuiweka, viti vyote vina wenyewe. Wengi ni wanawake. Spika inaita namba, mtu anasimama, anakwenda, anatoka, kama kliniki. Kando yangu alikaa mama mmoja nadhifu, mwalimu wa shule ya serikali. Akaniambia mtumishi wa serikali haji hapa mpaka mkuu wake wa kazi amruhusu kwa maandishi, na mkuu wake alikuwa ameikalia barua yake miezi saba.

“Kila Jumatatu nilikuwa naingia ofisini kwake kumsalimia,” akasema. “Nasalimia tu, nasimama. Mwisho alisaini ili nisije tena.”

Mbele yetu palikuwa na msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mtoto mgongoni. Aliozwa akiwa na miaka kumi na mitano, na ruhusa ya kuozwa mdogo aliipata humuhumu, mlango wa pili. Alituonyesha mlango wenyewe kwa kidevu.

Sarengat alikuwa amekaa wima, mikono kwenye magoti. Watu wawili watatu walimtambua wakamwamkia: “Mzee Modin, umeleta mtu?” Walidhani amekuja kikazi. Mara ya kwanza alijibu kwa kutikisa kichwa tu. Mara ya pili akasema, “Nimemleta binti yangu.”

Namba yetu ilipoitwa, tarishi wa mahakama aliliita jina la Gunadi mara tatu mlangoni. Hakuna aliyeitika.

Hakimu mkuu alikuwa mwanamke, miwani puani, sauti ya kawaida kabisa. Alimshauri Lilik kwanza arudi afikiri, kama sheria inavyomtaka. Lilik akasema, “Asante, Mheshimiwa. Nimeshafikiri.” Basi nikaitwa mimi, nikaapa. Niliulizwa ninajuaje kwamba mume hayupo. Nikasema mtoto wake anakula kwangu kila asubuhi tangu ana miaka minne, na kama baba yake angekuwepo ningemwona, kwa sababu alikuwa anapenda pilipili yangu. Hakimu wa kushoto akainamisha uso. Mkuu akauliza kama niliwahi kumwona akituma kitu. Nikasema miezi mitano ya kwanza, kweli alituma. Sikutaka kumdhulumu mtu hata kama ni yeye.

Sarengat akafuata.

“Mzee, kazi yako?”

“Modin wa kijiji, Mheshimiwa. Mwaka wa thelathini na moja.”

“Basi maswali haya unayajua kuliko mimi. Baada ya kufunga ndoa, mume aliisoma ahadi?”

“Aliisoma. Mara mbili.”

“Tangu ameondoka, umejaribu kuwasuluhisha?”

“Nimejaribu, Mheshimiwa. Miaka minne.” Akasita. “Lakini nimeapa, kwa hiyo nitasema kweli. Niliyekuwa namsuluhisha ni mmoja. Mwanangu ndiye aliyekuwepo mbele yangu, basi yeye ndiye niliyemwambia asubiri, akasubiri. Nikamwambia tena. Yule mwingine hakuwepo kuambiwa. Na sio huyu tu. Wapo wengine wengi waliokaa barazani kwangu, nami nikafanya hivyohivyo.”

Karani aliyekuwa akipiga chapa alisimamisha vidole.

“Je, kwa maoni yako, bado kuna tumaini warudiane?”

Hilo ndilo swali ambalo Sarengat, maisha yake yote, hujibu “lipo, inshallah.” Nilimtazama Lilik. Alikuwa anaangalia mbele tu, mgongo umenyooka, hakumgeukia baba yake hata kumwomba.

“Hapana,” Sarengat akasema. “Halipo.”

Tukatolewa nje kwa muda, tukarudishwa. Hakimu alisoma kwa haraka, mengine sikuyafuata, lakini nilisikia kwamba masharti ya ahadi yametimia. Lilik akafungua pochi, akaweka mezani noti ya elfu kumi, bei ya sahani moja ya wali wangu. Ikasemwa kwamba talaka moja imeanguka. Nyundo ikagonga. Hata saa haikupita, na mwalimu yule wa barua alikuwa bado anangoja zamu yake.

Huko nje Lilik aliushika mkono wa baba yake akaubusu, kama siku ya Idi. Sarengat akamwambia, “Twende tukale, sijanywa hata chai tangu asubuhi.” Paidi akatununulia supu ya mipira ya nyama, kila mtu bakuli lake, akakataa kuulizwa sababu.

Sisemi mambo yalikwenda laini. Familia moja ya upande wa mtoni ilimleta modin wa kijiji jirani aozeshe binti yao, ikasema haitaki mkono uliokwishatoa ushahidi wa talaka. Sarengat alilisikia hilo msikitini, akaja akakaa kwenye benchi langu asubuhi nzima bila kula. Wiki mbili baadaye mwanamke mwingine, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemrudisha kwa mumewe mara tatu, alikuja kulia barazani kwake kama kawaida. Sarengat akamkaribisha, akampa chai. Halafu akamtuma mtu amwite na mume. Mume alipokataa kuja, Sarengat akavaa kofia akamfuata mwenyewe mpaka shambani kwake. Yalivyoishia ya wale ni yao, lakini kwa mara ya kwanza nilimwona Sarengat akimfuata mwanamume.

Lilik alikaa eda yake, na kiwandani hakukosa siku. Hati ya talaka ilipotoka, alikwenda nayo ofisi ya kijiji mchana, katika saa yake ya chakula, akiwa na sare. Karani akaisoma, akaigeuza, akatafuta cha kukataa, akakosa. Shamba la mama likaandikwa jina lake. Kadi mpya ya kaya ikaandikwa Lilik kama mkuu wa kaya, Kirana chini yake. Mwaka huohuo alipanda mahindi na kuweka nguzo nne za nyumba. Nguzo nne tu, nyingine zikasubiri, lakini alikuwa akipita kila Jumapili kuzigonga kwa mkono kama zimekaa imara.

Gunadi alikuja Idi iliyofuata. Alikuwa amekonda. Nilikuwepo, nimekwenda kusalimia kama watu wote. Alisimama uwanjani na kopo la biskuti kubwa, koti jipya katika jua lile, hajui avue viatu au asivue.

“Karibu,” Sarengat akamwambia. “Idi njema. Keti.”

Kirana alitoka, akambusu mkono kama anavyowabusu wageni wengine, akakaa upande wa pili wa meza akimtazama sana. Gunadi akamuuliza anasoma wapi. Akajibu. Akamuuliza anapenda nini. Akasema hesabu na kuogelea mtoni, ila kuogelea Mama hataki. Gunadi akacheka, Kirana naye akacheka kidogo, na ule mcheko ulikuwa mmoja, hakuna awezaye kukana.

Lilik alileta kahawa. Gunadi akamwambia kwa sauti ndogo, “Lik, ulikuwa na haraka gani? Ona, si nimerudi?”

“Umerudi kumwona Kirana, na umefanya vizuri,” Lilik akasema. “Sasa tupange. Unataka kumwona lini na lini, na utamtumia nini kila mwezi. Hakimu alisema hayo ni yake mtoto, hayakuondoka na yetu.”

“Leo Idi, Lik. Tuongee hayo leo?”

“Leo upo.”

Akavuta kiti akaketi. Gunadi alimtazama Sarengat kana kwamba anaomba msaada, Sarengat akamsogezea sahani ya vitafunio. Wakaongea. Haikuwa rahisi, na mara mbili Gunadi aliinuka akaketi tena, lakini mpaka adhuhuri walikuwa wamekubaliana kiasi, na Lilik alikuwa ameandika. Gunadi akasaini. Baadaye nisiseme kwamba alishika yote. Alishika baadhi, miezi mingine ndiyo, mingine mpaka akumbushwe, na Lilik hakuona haya kukumbusha.

Alipoondoka, Kirana alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi mbio, akauliza kama kopo la biskuti linaweza kufunguliwa sasa au mpaka wageni waishe.

“Fungua,” Lilik akasema, na akaanza kukusanya glasi.